Ukuta Uliovuta Pumzi

Ban Geum-sil alisoma mita za maji katika jiji la Daegu kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu mwezi wa tatu alirudisha sare, kofia na ile nondo ya kufunulia vifuniko, lakini tabia ya kuchungulia mashimo ya watu hakujua airudishe wapi. Aliendelea kupita vichochoroni macho yakiwa chini. Akiona kifuniko kimekaa upande, mguu ulikwenda wenyewe kukiweka sawa.

"Mama, watu watadhani umeangusha pete," mumewe alimwambia. Huyu mume, Eom Tae-sik, alikuwa fundi wa friji, naye sasa alikuwa amestaafu na kushinda nyumbani, kazi yake kubwa ikiwa ni kulalamika kwamba nyumba ina joto.

Na mwaka ule malalamiko yake yalikuwa ya haki. Daegu imezungukwa na milima pande zote kama mchuzi ulio ndani ya bakuli. Joto likishaingia halina pa kutokea. Kufikia katikati ya mwezi wa saba kipimajoto cha dirishani kwao kilisoma thelathini na saba saa nane mchana, na lami ya kichochoro ililainika hadi ikawa inavuta kandambili za wapitaji.

Ndipo siku moja Geum-sil akachukua bakuli la tambi za maziwa ya soya, akalitia barafu, akampelekea Bibi Cheon Bok-nyeo wa nyumba ya mwisho. Nyumba hiyo iliegemea kilima, na nyuma yake palikuwa na uwanja mdogo uliokingwa na ukuta wa mawe makubwa. Bibi alikuwa na miaka themanini na miwili na aliishi peke yake. Kichochoro kizima kilimjua kwa mambo mawili: ulimi wake, na namna alivyowafukuza mara tatu watu waliotaka kununua nyumba ile wajenge maghorofa.

Geum-sil alimkuta uani, amekaa kwenye kitanda kifupi cha mbao karibu na ukuta, akimenya vitunguu saumu. Magotini alikuwa amejifunika shali ya sufi. Shali ya sufi, kwenye joto lile! Na usoni hakuwa na hata tone la jasho.

"Bibi, una homa?"

"Homa unayo wewe. Hebu jitazame, umelowa kama umetoka kuvua samaki."

"Na hiyo shali?"

"Magoti. Ukifika umri wangu yatakueleza mwenyewe."

Geum-sil alicheka, akainama kuweka bakuli karibu na mitungi ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha. Hapo ndipo vifundo vya miguu yake vilipohisi kitu. Ilikuwa baridi, baridi hasa, ile ya mtu kukufungulia mlango wa friji ukiwa umesimama mbele yake. Mtu aliyeishi na fundi wa friji miaka thelathini na mitatu hawezi kuikosea. Akatazama chini. Kati ya mawe mawili palikuwa na mwanya mpana kama kiganja, mweusi ndani. Akasogeza uso.

"Hapo hapana!" Kitunguu saumu kilimpiga begani. "Ukuta huo una mwenyewe. Tambi nimepokea, asante, mlango unaujua."

Geum-sil alirudi nyumbani akiwa na mwasho ambao haukuwa wa mbu.

"Bomba limepasuka," alisema Tae-sik bila kuinuka mkekani.

"Bomba likipasuka panalowa. Pale pakavu."

"Basi ana kiyoyozi cha siri."

"Hana hata feni, Baba Hye-in! Na nisikilize. Januari nilipokwenda kusoma mita yake kwa mara ya mwisho, majani makavu yalikuwa yamejibandika kwenye ukuta ule ule, mahali pale pale, kama yamepakwa gundi. Upepo haukuwepo. Niliyaona, nikaandika namba yangu, nikapita."

"Na sasa yanakurudia."

"Sasa yananirudia."

Kwenye kalenda ya huko kuna siku tatu zinazohesabiwa kuwa kilele cha joto, na katika kila moja nyumba hupika kuku mzima kwa mizizi ya jinseng na kunywa mchuzi ukiwa wa moto, ili jasho lifukuze jasho. Geum-sil aliona hapo njia yake. Siku ya kwanza alibeba chungu cha kuku hadi kwa Bibi, na ndani ya mkono wa blauzi alikuwa ameficha kipimajoto chembamba cha jikoni. Bibi alipoingia ndani kutafuta vijiko, Geum-sil alikisukuma mwanyani, akahesabu hadi sitini, akakitoa. Nje ilikuwa thelathini na sita. Mwanya ulisoma kumi na nne.

Siku ya pili, mwishoni mwa Julai, nje ilikuwa thelathini na nane. Mwanya: kumi na nne.

"Kibovu hicho," alisema Tae-sik. Akakitumbukiza kwenye maji ya barafu mbele ya mkewe ili amwonyeshe. Kikasoma sifuri, wazi kabisa. Akakitumbukiza tena, akakitazama kwa muda, kisha akainuka mkekani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kumi na nne, ulisema?"

Siku ya tatu, katikati ya Agosti, Geum-sil alikuwa amepiga magoti, mkono umezama ukutani hadi kiwiko, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama Hye-in, ukuta wangu una homa?"

Geum-sil alitoa mkono polepole, kipimajoto kikiwa kimeshikwa kama samaki wa wizi. Bibi alimtazama yeye, akakitazama kile kidude, halafu midomo ikaanza kumcheza.

"Kinasemaje?"

"Kumi na tano, Bibi."

"Ni nyingi?"

"Ni ya mwezi wa kumi. Sisi tuko Agosti, ukuta wako uko mwezi wa kumi."

Bibi alikaa. Akavuta shali yake. "Unataka kupima, pima. Naona hata nikikukataza utachimba kama panya. Lakini usiniulize kitu, na usimwambie mtu."

"Mume wangu anajua tayari."

"Huyo simhesabu. Huyo anaongea na friji."

Kuanzia siku hiyo Geum-sil alikwenda kila asubuhi na daftari. Safu moja ya nje, moja ya mwanya. Akaongeza na kipande cha karatasi ya kalenda, chembamba kama kidole, akakining'iniza juu ya mwanya kwa uzi ili aone pumzi inakwenda wapi. Siku za joto karatasi ilipepea kuelekea uani. Jua likizidi kuwaka, nayo ilizidi kupepea.

Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka marehemu, ilifika na joto bado halijaondoka. Asubuhi ile Geum-sil alikwenda mapema, akakuta mlango wa ua uko wazi. Mbele ya mwanya palikuwa na meza ndogo: bakuli la wali mpya, mchuzi, tunda la pea lililokatwa juu, kijiko kikiwa kimesimamishwa ndani ya wali kama anavyowekewa marehemu. Bibi alikuwa anainama hadi paji la uso kugusa ardhi, anainuka kwa kushika ukuta, anainama tena. Geum-sil alirudi kinyumenyume hadi kichochoroni. Alikuwa ameahidi kutouliza, na hakuuliza.

Oktoba ikaja, na asubuhi moja kipimajoto kikasoma kumi na nne nje na kumi na nne ndani. Karatasi ilining'inia wima. Haikutikisika. Siku tatu ilikaa vile, na Geum-sil alijikuta ana wasiwasi kama aliyekaa na mgonjwa.

"Umekufa," alimwambia mumewe.

"Ukuta?"

"Umeacha kupumua."

Tae-sik, ambaye kwa wakati huo alikuwa akiulizia namba kabla hajaulizia chai, alikuna kidevu. "Subiri baridi," akasema.

Ikafika Novemba. Asubuhi ya kwanza ya umande wa barafu, Geum-sil aliingia uani akaitafuta karatasi yake asiione. Uzi ulikuwepo. Aliufuata kwa kidole hadi mwanyani, na huko ndani ndiko karatasi ilikokuwa, imevutwa yote, inatetemeka ikielekea kwenye giza. Ukuta uliotoa pumzi kiangazi kizima sasa ulikuwa unaivuta. Akayakumbuka yale majani ya Januari.

Alirudi mbio, kandambili moja ikabaki kichochoroni.

Tae-sik alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua gazeti, akachora kilima, na ndani ya kilima akachora mstari mrefu.

"Ndani ya ardhi hakuna kiangazi wala baridi. Ni kumi na nne mwaka mzima. Sisi huku nje ndio tunaopanda na kushuka kama wendawazimu. Sasa, hewa ya baridi ni nzito. Agosti, ya ndani ni baridi kuliko ya nje, basi inateremka na kumwagika kwa Bibi. Leo ya ndani ndiyo yenye joto. Joto linafanya nini?"

"Linapanda."

"Linapanda. Na likipanda linaacha nafasi, ukuta wa Bibi unavuta hewa nyingine kuijaza. Friji ndiyo hiyo hiyo, imegeuzwa tu." Akasimamisha kalamu. "Ila chupa yenye mdomo mmoja haivuti namna hiyo, Mama Hye-in. Kwa nguvu hiyo, hapana. Ile hewa inatoka mahali."

"Kuna mdomo wa pili."

"Upo. Na uko juu ya huu."

Geum-sil alitaka kupanda kilima siku hiyo hiyo. Tae-sik alimzuia kwa neno moja: theluji. Juu kule vichaka vimesongamana na miiba, wangeweza kupita juu ya shimo mara mia wasilione. Lakini theluji ikianguka, pumzi ya digrii kumi na nne haiwezi kujificha.

Daegu haipati theluji kila ukiiomba. Desemba ilipita kavu, baridi ya kukata masikio bila hata punje moja nyeupe. Geum-sil alisikiliza taarifa ya hali ya hewa kama anayesubiri majibu ya mtihani wa mtoto. Ilianguka wiki ya tatu ya Januari, vidole viwili tu, na kichochoro kizima kikatoka nje kuipiga picha. Wao wawili walivaa viatu vya mlimani wakapanda nyuma ya nyumba ya Bibi, Geum-sil mbele, Tae-sik nyuma akiteleza na kuapa kwamba mke anayestaafu ni hatari kuliko anayefanya kazi.

Walilipata kabla ya saa sita. Kwenye korongo dogo, chini ya mwaloni, ardhi yote ilikuwa nyeupe isipokuwa duara moja lenye upana wa mkeka. Hapo theluji haikuwepo. Palikuwa na kuvumwani ya kijani kibichi, na makangaga mabichi, katikati ya Januari, na kati ya mawe mawili yaliyoegemeana mvuke mwepesi ulikuwa unapanda kama wa sufuria ya wali. Geum-sil alilala kifudifudi akanyoosha mkono. Nje ilikuwa sita chini ya sifuri. Shimo lilisoma kumi na tatu. Aliachia kipande cha karatasi juu yake, kikaruka hadi kwenye matawi.

Walicheka kama watoto. Tae-sik alivua glavu akaota moto kwenye kilima.

Alipoingia kwa Bibi na theluji bado iko kwenye magoti, Geum-sil hakukumbuka sharti lolote. "Bibi, nimeona mahali ukuta wako unapotolea pumzi!"

Bibi alikuwa anakoroga uji wa maboga. Kijiko kilisimama. "Unatolea nini?"

"Pumzi. Unavuta huku chini, unatoa juu, korongoni, chini ya mwaloni. Kuna shimo."

"Hakuna shimo."

"Nimetia mkono wangu, Bibi."

"Nimekwambia hakuna!" Uso wa Bibi ulikuwa umekuwa mweupe kama ukuta wa chokaa. "Lile ni handaki. Baba yangu alilichimba kwa mikono yake, Wajapani wakiwa wamemsimamia na fimbo, kabla hawajashindwa vita wakaondoka. Lina mlango mmoja. Kama lingekuwa na wa pili, unafikiri baba asingejua?"

Tae-sik, aliyemfuata mkewe ndani, alizima jiko taratibu, uji usiungue. Hakuna aliyeuliza kitu. Bibi mwenyewe ndiye aliyekaa sakafuni akaanza kusema, macho kwenye dirisha la uani.

Alikuwa na miaka minane vita vya ndugu kwa ndugu vilipofika karibu na Daegu. Kaka yake, Mu-gil, alikuwa na kumi na minane. Vijana walikuwa wanakamatwa njiani na kupelekwa mstari wa mbele siku hiyo hiyo, wengine bado wameshika vitabu. Baba akamficha Mu-gil handakini. Yeye, Bok-nyeo, ndiye aliyekuwa akimpelekea matonge ya wali, kwa kuwa msichana mdogo hakuna anayemshuku. Mu-gil alikuwa akimwambia kule ndani ni pazuri, nyinyi mnaungua huko nje, mimi nalala na blanketi. Siku ya kumi na nane ya Agosti kilima kilitetemeka, pengine kwa mizinga, pengine kwa uzee wa mbao. Dari likaanguka.

"Baba alichimba siku mbili kwa kucha. Hakuweza kuita mtu. Angesemaje, nimemficha mtoro, njooni mnisaidie? Alichimba, akaita, hakujibiwa. Siku ya tatu akajenga ule ukuta, akaacha mwanya, akasema mtoto asikose hewa." Bibi alijipangusa kwa kiganja. "Nimeolewa, nimefiwa, nimerudi hapa. Wananiambia uza, uza. Niuze kaburi la kaka yangu wajenge maegesho ya magari?"

Geum-sil alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Wazo lilikuwa limemjia kitambo, akaogopa kulitamka, maana si namba ya mita kwamba ukikosea unafuta.

"Bibi," alisema hatimaye, "ile hewa inapita. Kutoka hapa hadi juu, inapita. Pale dari lilipoanguka hapakuziba pote. Na hilo shimo la juu... kama baba yako hakulichimba, basi lilitobolewa na lile lile dari lilipoanguka."

Bibi aliichukua shali yake, akajifunga. Halafu akasema, "Nipelekeni."

"Kuna theluji, Bibi."

"Fundi, una mgongo?"

Tae-sik alikuwa na mgongo, ingawa si mzuri. Alimbeba Bibi kama mtoto, amefungwa kwa blanketi, Geum-sil akisukuma kwa nyuma, na njia nzima Bibi alikuwa akimwelekeza wapi akanyage na kumwambia anahema kama ng'ombe. Walipofika kwenye lile duara la kijani alishushwa, akatambaa mwenyewe hadi kwenye mawe, akaweka uso juu ya ile hewa. Nywele zake nyeupe ziliinuka pande zote.

"Ndiko kwenyewe kabisa," alisema. "Harufu ya kule ndani ndiyo hii." Kisha sauti ikabadilika. "Mshenzi mkubwa! Miaka sabini na minne nampikia! Miaka sabini na minne, na huenda hata hakuwemo!" Akaanza kulia, na katika kulia akawa anacheka, na Tae-sik akageuka kuutazama mwaloni kana kwamba ana kazi nao.

Mwezi wa pili, Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka waitwe watu wa jiji. Alikuja mhandisi mmoja kijana, mwanamke mpole, na kamera iliyofungwa kwenye waya mrefu. Aliiteremsha kwa shimo la juu, wote wakabanana mbele ya kioo kidogo. Waliona mwamba, mizizi, vumbi. Waliona lundo la kifusi na juu yake nafasi ya kupita paka. Hawakuona mfupa. Kamera ilizungushwa mara tatu. Hapakuwa na mfupa wala nguo, ila vipande vya bakuli la udongo.

"Rudisha nyuma," alisema Bibi ghafla. "Hapo. Hapo! Tazameni hayo mawe."

Chini ya shimo palikuwa na mawe yaliyopanda juu kama ngazi mbovu.

"Yameanguka na dari, Bibi," alisema mhandisi.

"Binti, baba yangu alikuwa mjenzi wa kuta. Jiwe lililoanguka linakaa linavyotaka. Hayo makubwa yako chini, bapa limelala, na kila moja limewekewa kijiwe cha kulizuia lisicheze. Hayo yamepangwa." Aligusa kioo kwa ukucha. "Mu-gil huyu. Baba alikuwa anampiga kwa kusahau kile kijiwe."

Mhandisi alisogea karibu, akatazama tena. "Ni kweli," akasema polepole. "Yamepangwa."

Basi ikabaki kuuliza alikokwenda. Familia haikuwahi kumtafuta kwenye orodha yoyote, maana nani amtafute mtu ambaye alipolala panajulikana? Geum-sil ndiye aliyejaza fomu, akaandika jina kwa herufi za zamani kama Bibi alivyozikumbuka, akaipeleka fomu kwenye ofisi inayoshughulika na askari waliopotea vitani. Bibi alipanguswa mate ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, yalinganishwe na mifupa ya askari iliyofukuliwa, akalalamika kwamba kina ladha ya karatasi. Wakasubiri. Machi ilipita na maua ya manjano ya forsithia, Aprili ikapita, na katikati ya Aprili karatasi ya ukutani ilining'inia wima siku nne, halafu ikageuka kuelekea uani.

Jibu lilikuja Mei. Geum-sil alilisoma kwa sauti uani kwa Bibi, na Tae-sik alikuwa amesimama.

Cheon Mu-gil aliandikishwa jeshini Daegu tarehe kumi na tisa Agosti 1950.

"Siku iliyofuata," alisema Bibi.

Siku iliyofuata. Alitoka ardhini, akateremka upande wa pili wa kilima, akaangukia mikononi mwa wale wale aliokuwa akiwakimbia. Alipigana miezi sita. Aliuawa Februari 1951 kwenye milima ya Gangwon, na mwili wake haujapatikana. Mwisho wa karatasi kulikuwa na nakala ya fomu ya siku ile, mwandiko wa karani fulani aliyekuwa na haraka. Mahali pa jina la baba, mama na ndugu, kwa kila mmoja, karani alikuwa ameandika neno moja: hana.

Geum-sil alisita kulisoma. Bibi alimpokonya karatasi akaisoma mwenyewe, ameishika mbali na macho.

"Hana," alisema. "Hana baba, hana mama, hana dada."

"Bibi, labda karani..."

"Karani alikuwa anaandika alichoambiwa. Angemtaja baba, wangekuja kumchukua baba kwa kuficha mtoro." Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. "Alikuwa mjinga wa hesabu na mwoga wa mbwa. Sikujua kama ana akili hiyo."

Mwanyani hewa ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kabichi, "Huko Gangwon, Februari, baridi inakuwaje?"

Geum-sil alikuwa ameshaangalia. Bila shaka alikuwa ameshaangalia. Alikuwa ameangalia siku mbili kabla, ile ofisi ilipompigia simu na kutaja jina la mlima. Alifikiri kusema hajui. "Usiku, ishirini chini ya sifuri," akasema. "Pengine zaidi."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa, usiku mkali kabisa, kumi chini."

"Mara mbili yake," alisema Bibi. "Na yeye alikuwa anaomba blanketi kwenye kumi na nne." Akatikisa kichwa, akamgeukia Tae-sik. "Fundi. Gari lako linafika huko?"

"Linafika, Bibi, ila kiyoyozi chake kimekufa."

"Fundi wa friji, gari halina kiyoyozi! Mama Hye-in, ulimpendea nini huyu?"

"Mgongo wake," alisema Geum-sil.

Walipanga kwenda mwezi wa kumi, njia zikiwa kavu. Bibi hakutaka kusikia habari ya kungoja. Alisema ana miaka themanini na mitatu na Oktoba ni mbali, na kwamba kama ni joto la barabarani yeye halijui, hajaishi nalo. Wakaenda Juni. Njiani alitoa kichwa dirishani kama mtoto, akiuliza mlima huu unaitwaje, mto ule unaelekea wapi, kwa nini huku mpunga bado mfupi na kwetu umeshainuka. Geum-sil alikuwa na daftari magotini. Kila waliposimama alishuka na kipimajoto chake, akasoma, akaandika, na Bibi alimsubiri mlangoni mwa gari, mkono umeshika shali, akitaka kuambiwa ni ngapi.